Prosesa iko asilimia 100, lakini imesimama tu

Mwaka jana mwezi wa tisa bosi alinunua seva mpya kwa maneno yangu. Niko kwenye kampuni ndogo ya kupokea malipo ya bili kwa simu, hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ni kanzidata, na printa, na simu ya yeyote iliyojaa picha. Ripoti ya mwezi ilikuwa inakula dakika 14. Nikamwambia Mzee (ndivyo tunavyomwita bosi) kwamba RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine, ndiyo tatizo, data haienei, kila mara mashine inakimbilia diski. Akatoa hela. Tukatoka GB 16 tukaenda GB 64, miamala yote milioni 70 ikaenea ndani ya RAM na nafasi ikabaki.

Ripoti ikachukua dakika 8.

"Mwanangu," akasema Mzee, "hizi dakika sita umeninunulia bei gani?"

Nikafungua kipimo cha mashine. Kiini kimoja cha prosesa kilikuwa asilimia 100 tangu ripoti inaanza mpaka inaisha. Kumbe prosesa imezidiwa! Nilishaanza kupanga maneno ya kumwomba Mzee prosesa nyingine, nikaogopa. Namshukuru Mungu kwa uoga ule, maana ndio ulionipeleka kwenye makala ya Anastasia Ailamaki.

Mwaka 1999 alikuwa bado mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Yeye na David DeWitt, Mark Hill na David Wood walipeleka kwenye mkutano wa watafiti wa kanzidata, VLDB, kule Edinburgh makala ambayo jina lake lina swali ndani yake: muda unakwenda wapi? Walichukua kanzidata nne za kibiashara, majina wakayaficha kwa sababu za kisheria, zikabaki A, B, C na D. Wakaziweka kwenye mashine moja ya Pentium II Xeon, wakaziuliza maswali mepesi juu ya data iliyokwisha kuenea kwenye RAM. Yaani hali yangu mimi baada ya kula hela za Mzee. Kisha wakasoma vihesabio vilivyomo ndani ya prosesa yenyewe. Kwa wastani, karibu nusu ya muda prosesa ilikuwa inasubiri.

Nilirudia sentensi hiyo mara tatu. Inasubiri vipi na diski haipo kwenye hesabu?

Mama yangu ana duka la vipuri Gerezani, nimekulia nyuma ya kaunta ile. Boliti ikiwa kwenye rafu, unageuka tu, umeshamuuzia mteja. Isipokuwepo, unamtuma kijana stoo, ng'ambo ya barabara, na wewe unabaki umesimama. Rafu ni kashe, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, unayoifikia kwa kama nanosekunde moja. Stoo ni RAM, inayokaribia nanosekunde 100. Mtu akichungulia dukani atamwona muuzaji kaunta, ataandika: yuko kazini. Ndiyo asilimia 100 yangu hiyo. Programu inaposubiri diski, mfumo endeshi huiweka pembeni ukampa mwingine zamu. Inaposubiri RAM haiwekwi pembeni. Kusubiri kote kunahesabiwa kazi.

Nikapima upya, safari hii kwa kusoma vihesabio. Amri 0.4 kwa kila mpigo wa saa ya ndani ya prosesa, wakati prosesa yenyewe ina uwezo wa kumaliza amri nne. Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza, na ofisini nilikuwa peke yangu.

Sababu yake sikuitafuta mbali. Jedwali letu la miamala lina safu 43, na mstari mmoja ni kama baiti 400. Ripoti inataka tarehe, wakala na kiasi, basi. Lakini prosesa haiendi stoo kuchukua namba moja. Kila safari inarudi na baiti 64, kama kijana aliyekatazwa kufungua boksi. Mimi nataka baiti nane za kiasi, naletewa pamoja na namba ya simu ya mteja na maelezo ya "atamalizia Ijumaa". Rafu inajaa vitu ambavyo hakuna aliyeviuliza.

Dawa yake ina umri uleule. Kwenye mkutano huohuo wa Edinburgh, Peter Boncz, pamoja na Stefan Manegold na Martin Kersten wa taasisi ya utafiti ya CWI, Amsterdam, walisema foleni imehamia kwenye kumbukumbu, na kanzidata yao ya MonetDB ilikuwa inahifadhi kila safu peke yake: kiasi na kiasi, tarehe na tarehe. CWI hiyohiyo ndiko ilikozaliwa kanzidata nyingine ya safu, DuckDB. Hiyo inachukua thamani 2048 kwa mkupuo, fungu dogo la kutosha kukaa kwenye kashe. Nikaijaribu na data yetu: sekunde 9. Nisijisifie sana, sehemu ya ushindi huo ni kwamba inatumia viini vyote vinane wakati ile ya zamani ilikuwa inatumia kimoja.

Mzee aliuliza kwa nini tusihamishe kila kitu. Kwa sababu mteja akilipa bili ya maji unaandika mstari mmoja, na kuugawa mstari huo sehemu 43 ni mateso. Ailamaki aliliona hilo pia. Mwaka 2001, Roma, yeye na wenzake walileta PAX: mistari ibaki kwenye ukurasa wake uleule, ila ndani ya ukurasa thamani za kila safu zikae pamoja. Mafaili ya Parquet, ambamo naweka data ya kusomwa na DuckDB, yamepangwa kwa mawazo ya namna hiyo, mafungu ya mistari na ndani yake safu.

Basi malipo yanaingia kwa mistari kama zamani, na kila siku saa tano usiku nayamimina kwenye Parquet. Nilidhani nimemaliza. Siku ya pili dada wa uhasibu akaja na kikombe chake mkononi: ripoti inafunguka haraka, sawa, lakini mbona malipo ya leo hayamo?

Sijamjibu bado.