Mashine ya leza haionekani kwenye Ubuntu 22.04: nilivyotatua

Hatimaye imekubali! Mashine ya kuchonga kwa leza (inaendeshwa na programu ya ndani iitwayo GRBL, na chipu yake ya USB ni CH340) ilikuwa inawaka vizuri, ila LightBurn, programu ya kuiongoza kutoka kwenye kompyuta, haikuona poti yoyote. Nikabadilisha waya wa USB, nikajiongeza kwenye kundi la dialout (lenye ruhusa ya kutumia poti hizo), nikawasha kompyuta upya. Wapi!

Kilichosaidia ni kuandika kwenye terminal sudo dmesg -w, inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo, kisha kuchomeka waya. Poti ya mashine, ttyUSB0, inatokea, papo hapo inakatika, na katikati limetajwa jina brltty. Hiyo ni programu ya vifaa vya Braille (maandishi ya wasioona); namba ya utambulisho ya CH340, 1a86:7523, inafanana na ya kifaa kimojawapo cha Braille, hivyo brltty inaidaka poti. Mimi siitumii, basi nikaifuta:

sudo apt remove brltty

Nikachomoa, nikachomeka, nikachagua ttyUSB0, kasi 115200. Ikaitika palepale. Anayetegemea Braille asiifute.