Siku moja maishani mwangu: uji wa betri kwa mwani wa Paje

Saa kumi na mbili asubuhi nasubiri daladala Paje, Unguja. Mama anatayarisha kamba za kupandia mwani. Leo bamvua, maji yakitoka tu anateremka pwani.

Majirani wananiita fundi betri, na wiki haipiti bila kuletewa simu iliyovimba. Sitengenezi simu. Napaka grafiti juu ya karatasi ya shaba, iwe upande hasi wa betri ya lithiamu. Grafiti ni unga, bila gundi haishiki. Gundi ya PVDF haiyeyuki kwa maji, inataka NMP, kiyeyushi kinachoweza kudhuru mimba. Viwanda vingi vimeshahamia maji kwa upande huu, kwa gundi ya selulosi. Sisi tunajaribu karajinani, itokayo kwenye mwani.

Saa mbili napima: grafiti asilimia 90, masizi 5, karajinani 5.

Saa tatu nakoroga kwa maji moto. Uji ulianza vizuri, mweusi unang'aa, halafu ukaanza kukatika mabonge kama maziwa yaliyochacha. Nikaongeza moto, wapi. Nikachuja, mabonge yakaziba chujio. Saa nzima imepotea ndipo nikamuuliza kijana tunayemfundisha.

"Mdogo wangu, chupa umeisuuza na nini?"

"Maji ya bomba, dada."

Maji yetu yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa kalsiamu, na karajinani ya spinosamu, aina ya mwani tunaotumia, ikikutana na kalsiamu huganda. Sikumgombeza, mimi ndiye sikumwambia. Tukamwaga, tukasuuza mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa, yasiyo na kalsiamu, tukaanza upya.

Tena mapovu. Kila povu likibaki linaacha tundu kwenye uji uliopakwa juu ya shaba, kwa hiyo unakoroga polepole, unasubiri, unakoroga. Chakula cha mchana sikumbuki. Mgongo ulikuwa unawaka nilipovuta kisu cha kupakia uji, kwa pumzi moja, mkono usitetemeke. Kukausha nako: ukiharakisha moto, maji yanatoka kwa pupa na uji uliopakwa unapasuka kama tope la kiangazi.

Kiza kimeshaingia nilipouzungusha ukanda mmoja wa shaba iliyopakwa kwenye kalamu ya risasi, kuona kama grafiti imeshika. Wa wiki iliyopita ulimeguka wote. Huu haukudondosha hata chembe. Nikauzungusha tena, niamini.

Nikampigia mama.

"Kwa hiyo bei ya kilo ya mwani itapanda?"

"Bado, mama. Leo nimetumia nusu gramu."