Kutoka The Sims 3 kwenda The Sims 4: nilivyopima kabla ya kuhama

Nimeicheza The Sims 3, gemu ya kompyuta ya kuunda watu na kuendesha maisha yao, miaka mingi, na miaka hiyo yote watu wamekuwa wakiniuliza nahamia lini The Sims 4. Ya tatu ilitoka Juni 2009, ya nne Septemba 2014, kwa hiyo habari ninazo zamani. Ila ya nne ilianza vibaya: haikuwa na mabwawa ya kuogelea, wala watoto wa umri ule wa kuanza kutembea. Mtoto alitoka kwenye kitanda chake cha uchanga akawa wa kwenda shule papo hapo. Mimi nacheza vizazi, babu hadi kitukuu, na gemu ya namna hiyo ingenifaa nini? Mabwawa yakaja Novemba 2014, watoto wadogo Januari 2017, na Oktoba 2022 gemu ya msingi ikawa bure. Kisingizio cha pesa kikaisha, kikabaki cha bando.

Kilichonisukuma hasa ni laptopu. Familia yangu ya Sunset Valley, mji mmoja wa ndani ya The Sims 3, ilikuwa imefika kwa wajukuu, na kila nikiifungua feni inavuma, picha inaganda, mtu kashika mlango wa friji wala haendi mbele wala nyuma. Fundi akashauri niongeze RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta inaitumia inapofanya kazi. Kabla ya kutoa hela nikasoma kidogo, nikakuta The Sims 3 kwenye Windows ni programu ya biti 32: haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 za RAM hata ukiwa nazo 16. Halafu mzigo wenyewe ni mkubwa, maana mji mzima unaishi kwa wakati mmoja. Wako wanapika, jirani yuko kazini, mtaa wa pili kuna anayeachika, na kompyuta inawahesabu wote. Hicho ndicho ninachokipenda kuliko chochote kwenye gemu hii, na ndicho kinachoichosha mashine. Kwangu uamuzi ukawa mwepesi kuueleza: je, niuache mji ili nipate wepesi?

Video za watu sikuzifuata, kila mmoja anasifia anachokicheza. Niliipakua ya nne kwa bando la usiku, nikaiunda upya familia ileile, kwa sababu mchezo uliohifadhiwa kwenye ya tatu haufunguki kwenye ya nne. Kuunda sura kulininasa. Huna haja ya kusogeza vijiti vya vipimo, unalishika shavu lenyewe kwa mausi na kulivuta, pua vivyo hivyo, taya vivyo hivyo. Bibi wa familia nilimpa paji pana la marehemu bibi yangu, na rangi yake nikaipata, kwani Desemba 2020 ziliongezwa rangi za ngozi zaidi ya 100 baada ya wachezaji weusi kulalamika kwa muda mrefu kwamba ngozi nyeusi zinatoka na kijivujivu.

Kisha nikamtuma baba kwa jirani. Kwenye ya tatu angepanda baiskeli, nami ningemfuata barabarani nikitazama nyumba za watu. Hapa skrini ikageuka ya kusubiri. Mpwa wangu aliyekuwa ameketi pembeni akauliza, "Mama mdogo, kaenda wapi?" Nikamwambia anapakiwa. Kwenye hard diski ya zamani kama yangu, kupakiwa huko kunatosha kwenda kugeuza chapati.

Rangi nazo ziliniuma. Kwenye ya tatu kochi, pazia na hata gauni unavipa nakshi na rangi yoyote uitakayo, na sebule yangu ilikuwa imevaa sare kuanzia mto hadi zulia. Ya nne inakupa rangi chache zilizokwisha pangwa, uchague hapo. Kama furaha yako ni kupamba kwa namna hiyo, usihame, nakwambia kweli.

Lakini watu wake! Mtoto alisemwa vibaya akaingia chini ya shuka kulia, hakuna aliyemwamuru. Mama alikula huku anapiga soga na anatazama runinga. Hisia zinabadilisha wanachokifanya, na hakuna kinachoganda, kwani kinachoendeshwa ni kile kiwanja ulichopo tu. Jioni moja nikagundua nimekaa humo ndani ya nyumba muda wote bila kuutamani mji.

Hapo nikaamua: familia mpya zinaanzia kwenye ya nne. Ile ya Sunset Valley inabaki ilipo. Nafuta faili za kache, zile za muda ambazo gemu inajiwekea, kabla ya kuifungua, nahifadhi kila mara kwa jina jipya, na inakwenda, kwa kujikongoja. Kungoja The Sims 5 nilikwisha acha, maana Septemba 2024 EA, kampuni yenye gemu hii, walieleza kwamba hawana mpango wa kuibadilisha ya nne kwa nyingine ya namba.

Suala la pesa lipo bado, tusidanganyane. Bure ni msingi tu. Misimu ya mwaka, wanyama wa kufugwa, chuo kikuu, kila kimoja kinauzwa peke yake, na nyongeza kubwa bei yake kamili ni kama dola 40. Nimejiwekea kwamba sinunui mpaka nione kitu nimekikosa nikiwa nacheza, tena kiwe kimeshushwa bei. Hadi sasa nilichokikosa ni mvua. Kwa hiyo Seasons, ile nyongeza ya misimu, naivizia, nyingine zikae dukani.