Usiniambie "vuta pumzi"

Ukweni kwangu ni Ukerewe, kwa hiyo sina ujanja, lazima nipande meli ya Nansio. Kila injini inaponguruma pale bandarini Mwanza, hata kamba hazijafunguliwa, vidole vyangu vimeshakufa ganzi na midomo inachonyota. Akilini najua meli ni nzima, na jaketi la kujiokolea nimeshaliona lilipo. Mwili hauna habari.

Nyumbani husema naogopa maji. Si kweli, ziwani naogelea vizuri tu. Mimi nimekulia Igoma, hapo hapo Mwanza. Meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na marehemu wengi walikuja kuzikwa kwetu. Hatukupoteza ndugu. Nilichobaki nacho ni vipande: malori yamesimama injini zikinguruma, harufu ya dizeli imechanganyika na dawa ya hospitali, mama ananikokota mkono kunirudisha ndani. Sura ya mtu hata mmoja siikumbuki. Ila ngurumo ile na harufu ile vikikutana tu, nimekwisha.

Kuna kisa alichokiandika mwaka 1911 daktari wa Geneva aitwaye Édouard Claparède. Alikuwa na mgonjwa, mama mmoja asiyeweza kuhifadhi kumbukumbu mpya. Daktari alilazimika kujitambulisha upya kila mara. Siku moja akaficha pini kiganjani, akampa mkono, akamchoma. (Leo angefukuzwa kazi, na ningeshangilia.) Alipomnyooshea mkono tena baadaye, mama yule akaurudisha wake nyuma. Kwa nini? Hakuweza kueleza, tukio lenyewe lilikuwa limeshafutika. Matukio yanahitaji sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi ili yahifadhiwe. Woga unategemea zaidi sehemu nyingine ya ubongo, amigdala, na hiyo haingoji maelezo ya mtu.

Ndiyo maana kujiambia "acha ujinga" hakujanisaidia hata siku moja.

Wifi yangu ana dawa yake: "Wifi, vuta pumzi! Vuta sana!" Nampenda, lakini hapo ananimaliza. Mtu aliyeshikwa na hofu tayari anavuta hewa kupita kiasi. Kabonidayoksaidi inashuka kwenye damu, mishipa ya damu ya ubongo inabana, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinakufa ganzi. Ukimwambia avute zaidi unamwagia petroli kwenye moto.

Aliyenifungua macho ni muuguzi mmoja, mtu mzima, asiye na maneno mengi. Alinishikisha vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wangu mwenyewe, nisikilize mapigo. Nikivuta pumzi, yanakimbia kidogo. Nikitoa taratibu, yanapungua kasi. Jaribu sasa hivi. Kwa vijana husikika vizuri zaidi. Kazi hiyo inafanywa na neva iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kwenye moyo na tumbo, na unapotoa pumzi ndipo inapoushika moyo breki. Akaniambia, "Mama Neema, wewe shughulika na kutoa. Kuvuta kutakuja kwenyewe."

Basi navuta kwa pua nikihesabu hadi nne, natoa kwa midomo iliyobanwa nikihesabu hadi nane. Nafanya hivyo hata jikoni nikisubiri maharage yaive, kwa sababu zoezi ambalo mwili haulijui halifanyiki katikati ya hofu. Ukisikia kizunguzungu, punguza hesabu. Kifua kikibana na maumivu yakashuka mkononi, hayo si ya pumzi, wahi hospitali.

Je, Igoma imefutika? Haijafutika, wala sitaki ifutike. Mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Karim Nader na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya woga ikiamshwa hulegea kwa muda na kuhitaji kuhifadhiwa upya. Mimi si panya, na sidai pumzi zangu zinafanya kazi ya dawa waliyodungwa panya wale kuzuia kumbukumbu isihifadhiwe upya. Lakini sasa ngurumo ile inanikumbusha na safari nyingi nilizofika salama, samaki wa mama mkwe wakiwa mezani.

Safari iliyopita, jirani yangu kwenye benchi alinitazama nikipuliza hewa tangu tunang'oa nanga. Akaniuliza kwa huruma ni mimba ya miezi mingapi, akanikatia ndimu. Nikaila.