Wenye tela ndogo za kulala, shikeni habu
Jamani wenye tela za kulala hapa Tanga, hewa hii ya chumvi inakula vyuma kimyakimya. Juzi tunatoka Pangani nikasimama kukagua habu za magurudumu (kitovu cha gurudumu, zinamokaa beringi) kwa kuzigusa, kama kawaida yangu. Ya kulia vuguvugu tu, ya kushoto hata kusogeza kiganja huwezi kwa joto. Fundi alipofungua, grisi imekuwa nyeupe kama maziwa: sili (mpira unaozuia maji yasiingie kwenye grisi) imechoka, maji yameingia. Tukabadilisha beringi na sili kwa pamoja. Msikubali kubadilisha kimoja mkaacha kingine, mtarudi kwa fundi tu. Na nati za magurudumu kazeni tena baada ya kilomita 80 hivi.

Taa zikififia ukikanyaga breki, usikimbilie balbu. Angalia waya wa athi kwanza, ule unaorudisha umeme kwenye chesesi (fremu ya tela); sugua kutu pale ulipofungwa mpaka chuma king'ae.

Tairi zisiwadanganye kwa meno. Tela hukaa imeegeshwa, mpira unazeeka. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi, ndiyo tarehe ilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019.

Mzigo mzito ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ukijaza nyuma, tela inayumba.

Anayejua duka lenye sili imara hapa mjini, naomba aniandikie.