Maziwa alfajiri, mlima wa Isamilo saa tatu

Saa 10:30 alfajiri

Leo nashindana mbio za baiskeli kupanda mlima wa Isamilo hapa Mwanza, lakini siku ya mbio si sikukuu kwa wateja wangu wa maziwa. Mtoto wa Nyakato anataka uji wake, mama lishe wa Mabatini anataka chai iwe tayari kabla vibarua hawajajaa kwenye mabenchi. Kwa hiyo naamka saa ileile, natoka Igoma gizani na baiskeli yangu ya chuma, Phoenix, kuelekea Kisesa kuchukua maziwa, madumu matupu yakigongana nyuma.

Saa 11:40

"Mwangaluka, baba," namwamkia kwa Kisukuma mzee anayeniuzia maziwa.

"Mwangaluka, mayo. Leo si unashindana? Nikadhani hutakuja."

Natumbukiza laktomita, kipimo cha uzito wa maziwa, kwenye jagi mbele yake. Ikisoma kati ya 26 na 32, tunaelewana. Ikishuka chini ya hapo kuna mtu kaongeza maji, na mzee huyu hajawahi kunifanyia hivyo. Madumu mawili ya lita 20 yanajaa. Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji, kwa hiyo lita 40 ni kama kilo 41, bila kuhesabu madumu yenyewe.

Saa 1 asubuhi

Barabara ya Musoma imeshachangamka. Daladala zinabana pembeni kuchukua abiria, bajaji zinajipenyeza, na mimi katikati yao nalinda maziwa.

Watu wakisikia nashindana kupanda mlima husema, "Wewe utashinda tu, umezoea mizigo." Waongo hao. Mwenye mzigo akifika mlimani hushuka akasukuma kwa miguu, tena anainamisha kichwa asionekane na wenye pikipiki. Mzigo unakufundisha kukanyaga kwa nguvu taratibu kwenye tambarare. Mlima unataka miguu izunguke haraka na pumzi isikatike, na hilo dumu la maziwa halikufundishi. Mimi nimejifunzia jioni, madumu yakiwa matupu.

Saa 2:10

Kwa fundi, jirani na Mlango Mmoja. Tumeshakubaliana tangu juzi, kwa hiyo hapotezi muda: anang'oa keria, stendi, madigadi na kifuniko cha cheni. Vyote kwa pamoja ni kama kilo tano, na mlimani kilo tano ni mzigo kweli, maana kila hatua unaipandisha baiskeli yote pamoja na wewe mwenyewe.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye gurudumu la nyuma. Gia yangu ya mbele ina meno 48, friwili ya nyuma meno 18. Ukizungusha pedeli mara moja, baiskeli inasogea karibu mita 5.9. Barabarani ni raha, mlimani ni adhabu. Fundi ananifungia friwili ya meno 22, mzunguko mmoja unashuka hadi kama mita 4.8. Safari ni ileile, ila unaikata vipande vidogo.

"Hii nimekuazima, mdogo wangu," ananiambia huku akiongeza pingili kwenye cheni. "Sijakupa."

Saa 2:50

Chini ya mlima pamejaa. Namba imebanwa mgongoni kwa pini, mfukoni nina matobolwa. Wengine wanahangaika na vinywaji vya kwenye chupa za rangi. Kiazi kilichochemshwa kikaanikwa kimenitosha tangu utotoni. Kuna kijana hakula kabisa ili awe mwepesi. Namwangalia tu.

Mazungumzo ni ya Kigali. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike pale Septemba 2025, mara ya kwanza Afrika, kila mwendesha baiskeli wa huku amekuwa mchambuzi. Mbio ya wanaume ilikuwa zaidi ya kilomita 260, vilima mwanzo mwisho, na waliomaliza walikuwa 30 tu. "Na hao wana gia kibao," anasema kaka mmoja wa kundi la baiskeli za kawaida, za gia moja kama yangu, kama vile amedhulumiwa.

Mwingine analalamikia upepo. Ni kweli, asubuhi unatoka nchi kavu kwenda ziwani, unakupiga usoni ukipanda. Mchana ungegeuka ukakusukuma. Lakini kwa mwendo wetu wa mlimani, upepo huo hata shati haulitikisi. Adui ni jua, na trafiki ambaye hawezi kutufungia barabara hadi mchana.

Saa 3:20

Tunaachiwa mmoja mmoja, kila baada ya dakika moja, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Dada aliyenitangulia ameondoka kama anafukuzwa, watu wamempigia vigelegele. Mimi naondoka nimekaa kwenye kiti. "Kanyaga, dada! Umelala?" Naacha waseme. Mlima unaanza kwa upole, na upole huo ndio mtego.

Naweka pumzi kwenye miguu: mbili ndani, mbili nje. Lami inainuka, cheni inaanza kulia. Kwenye kona yenye jiwe kubwa napita upande wa nje. Ndani ni njia fupi lakini ndiko mwinuko ulikosimama, na friwili moja haina pa kukimbilia. Hapo ndipo namkuta yule dada, mabega yanayumba, anapinda huku na huku kama anayekwepa mashimo. Nampita bila kumwangalia. Si dharau, nikigeuza shingo tu nitapoteza mzunguko.

Kipande cha mwisho nasimama kwenye pedeli. Mapaja yanawaka, mate yamekuwa gundi, watoto wanakimbia pembeni yangu na wananizidi, viatu hawana. Mwenye saa anapiga kelele ya namba yangu, nashika breki, naegemea ukuta wa mtu.

Saa 5

Wa tatu kwa wanawake wa baiskeli za kawaida. Wa kwanza ni binti mwembamba wa shule, miguu inazunguka kama cherehani. Zawadi yangu ni shilingi elfu kumi na tano na tyubu moja, ambayo nilipoitazama vizuri ni ya gurudumu dogo kuliko langu. Nitamuuzia mtu.

Saa 8 hadi saa 11 jioni

Kukusanya madeni ya wiki. Mama lishe analipa yote na kunipa sahani ya ugali na sato bure, "ya ushindi". Wengine wanataka kusikia habari za mbio kwanza, wakimaliza kusikia wanasema hela ni kesho.

Saa 12 kasoro

Fundi anarudisha keria na kunyoosha mkono adai friwili yake. Namwambia naitaka. Anasema elfu tisa, nasema tano. Anacheka, anataja mshindi wa tatu anavyojivuna. Tumefungia elfu saba: tatu taslimu, zilizobaki nimpelekee maziwa lita moja kila asubuhi hadi deni liishe, na laktomita, kasema, atakuja nayo yeye.