Siku tatu na nusu ndani ya basi, na kaburi la mwalimu wa kwaya

Kwanza niseme sikwenda Afrika Kusini kutalii. Nilifuata mzigo wa spea, na nauli ya basi kutoka Dar siitaji hapa maana mke wangu anasoma. Siku tatu na nusu umekaa, magoti yako kwenye kiti cha mbele, jamaa wa pembeni anamenya mayai ya kuchemsha kila mkisimama. Tunduma, Lusaka, Chirundu sina cha kusimulia, nililala. Beitbridge, mpakani mwa Zimbabwe na Afrika Kusini, ndo usiseme, tulishushwa saa nane usiku na mabegi yetu yote tukapanga foleni mpaka jua linatoka, choo cha kulipia, kikombe kimoja cha chai bei ya wali kuku kwetu.

Ila nilikuwa na shughuli yangu ya pembeni ambayo sikumwambia mtu. Nilitaka kuliona kaburi la Enoch Sontonga.

Wengi hamumjui na siwalaumu. Mimi nimeimba Mungu Ibariki Afrika mstarini miaka yote ya shule nikidhani ule wimbo ulikuwepo tu, kama mlima. Kumbe ulitoka kwa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti kule Nancefield, karibu na Johannesburg, mtu wa kwaya, akautunga 1897 kwa Kixhosa kama sala ya kanisani, basi. Hakuwa anamtungia nchi mtu. Leo sauti ile ile iko kwetu, iko Zambia, Zimbabwe waliitumia mpaka 1994, na Afrika Kusini wenyewe wameiunganisha na wimbo wao mwingine. Yaani basi lile na mateso yake yote lilikuwa linapita ndani ya wimbo mmoja na sisi tumelala.

Jina lake nililipata kwa baba yangu. Mzee alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu huko Upareni, hakuwa na kinanda, alikuwa na kale kachuma ka kutolea sauti, anakagonga gotini, anakaweka sikioni, anafumba macho kidogo, halafu anatoa "do" kwa sauti ya chini na wote tunaipokea. Tulikuwa watoto saba, alitugawia sauti kama mtu anavyogawa viazi, wewe alto, wewe besi, ukitaka usitake. Baada ya chakula sala, baada ya sala wimbo, chemli inatoa moshi, mama anaimba huku anakosha sufuria. Aliwahi kupata kazi nzuri mjini akaikataa, anasema nani atafundisha pambio za Pasaka na watoto wangu nitawaona lini. Nyimbo zake aliziandika kwa nota za d r m kwenye daftari la jalada la bluu. Na Sontonga naye aliandika hivyo hivyo, kwa d r m, kwenye daftari. Baba alikuwa akisema hilo kwa majivuno kama vile walisoma darasa moja.

Sasa siku ya pili pale Johannesburg nikatoka zangu Park Station, stesheni kuu ya pale mjini, nikachukua teksi. Nikamwambia dereva, makaburi, Braamfontein. Akasema anapajua. Tukaenda, tukaenda, majengo yakaisha, ikaja barabara kubwa, ikaja miti, mita inasoma tu, mimi najisemea nchi kubwa hii. Akanishusha kwenye geti la makaburi, randi 350, karibu elfu hamsini yetu, nikalipa. Nikazunguka saa mbili nzima juani nasoma mawe ya watu. Nimesoma majina ya Wayahudi, Waingereza, Wachina, watoto wachanga, Sontonga hakuna. Nikamuuliza mama mmoja aliyeleta maua, akaniangalia kwa huruma. Akasema mwanangu, haya sio hayo. Ya Braamfontein yako kule kule ulikotoka.

Kurudi nikapanda daladala zao kwa hela ndogo tu. Na kutoka Park Station mpaka makaburini, wapendwa, nilitembea kwa mguu, hata soda niliyoshika mkononi haikupata moto. Randi 350! Hasira ilinifanya nifike pale bila hata heshima ya msiba.

Ndani nikamkuta mzee anafagia majani. Nikamwamkia nikamwita baba, maana nimeambiwa hata Kizulu ni baba hivyo hivyo, akacheka, akaacha fagio. Nikamsimulia nilikopelekwa. Akacheka zaidi. Akasema usijali, hata wenyewe walimpoteza.

Na ni kweli. Sontonga alifariki tarehe 18 Aprili 1905, kijana bado, akazikwa hapo, na miaka ikapita hakuna anayejua ni wapi hasa. Miaka ya tisini serikali ya Mandela ilipotaka kumpa heshima, watu wakapekua rejista ya makaburi kwenye herufi S, hayupo. Wakaja kugundua aliandikwa kwenye E. Enoch. Karani aliandika jina lake la kwanza tu, mwisho wa habari. Tarehe 24 Septemba 1996 Mandela akaja mwenyewe, kaburi likatangazwa kumbukumbu ya taifa, leo pana jiwe kubwa jeusi.

Hapo nilicheka peke yangu kama mwehu, kwa sababu baba alipolazwa mara ya mwisho tulitafuta faili lake kwa jina la ukoo asubuhi nzima, halipo, dada yangu analia, kumbe yule wa mapokezi kaliweka kwenye jina la ubatizo.

Kilichoniuma zaidi ni mambo ya daftari. Sontonga alimwacha mkewe Diana na mtoto wao wa kiume. Watu wa kwaya wakawa wanakuja kwa mjane kuazima nyimbo za marehemu, wanaondoka nazo, nyingi hazikurudi. Inasemekana haki za huu wimbo tunaosimama wima kuuimba aliziuza kwa peni sita. Peni sita, mama mwenye mtoto. Mimi nimelipa 350 kupelekwa kusikokuwa.

Nilikaa pale kwenye nyasi nikampigia mama. Nikamuuliza lile daftari la bluu la mzee liko wapi. Akanyamaza kidogo, akasema si alikuja kuazima yule mwalimu wa kwaya wa usharika wa pili, mwaka ule wa msiba? Mwaka ule wa msiba ni 2011.

Nimerudi, mzigo umefika, spea mbili zimevunjika, hiyo habari nyingine. Kwa yule mwalimu nimeshakwenda mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa shamba. Mara ya pili mkewe akanikaribisha chai, akasema daftari analikumbuka vizuri, la bluu, lina doa la mafuta ya taa kwa nyuma, ila waliliazima kwaya moja ya Arusha.

Jumamosi naenda Arusha. Na nauli nayo imepanda.